Chupa Irudi Tupu

Kitu cha kwanza Ayoka alichokiona kilikuwa ngumi. Watoto wote wa nyumba ya Alhaja Kofo, alikokuwa yaya, walilia walipoiona chupa ya uji, hilo kila mtu alilijua. Lakini Akanni, mtoto wa miezi minane, hakulia. Alikunja vidole vyake akavibana hadi vikapauka. Ayoka alipomfuta baada ya kulishwa alikuta kiganjani mwake alama nne ndogo, zimepinda kama mwezi mchanga. Zilikuwa alama za kucha zake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Ayoka hakuwa mtu wa kusema. Aliacha shule akiwa darasa la nne, na kwa miaka yote iliyofuata alizoea kusikiliza huku ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sindano.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia pilipili, mtaa wa Oke-Igi, Ibadan. Saa kumi na mbili asubuhi wanawake wa soko na wa maghala ya kakao walikuwa wameshapanga foleni mlangoni, kila mmoja na mtoto mgongoni na chupa ya ogi mkononi, ule uji mweupe wa mahindi yaliyochachushwa. Sheria ya Alhaja ilikuwa moja: chupa irudi tupu. Jioni mama hakuuliza mtoto amecheza au amelala. Aliitikisa chupa karibu na sikio. Kisha alimgonga mtoto tumboni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikitimaji. Tumbo likilia kama ngoma iliyokazwa, mama alitabasamu. Chupa ikilia, kesho yake mtoto alipelekwa nyumba nyingine, na nyumba za namna hiyo zilikuwa tatu katika mtaa ule mmoja.

Kwa hiyo walilishwa kwa mkono, kama walivyolishwa mama zao na bibi zao. Unakaa kwenye kigoda. Unamlaza mtoto chali juu ya mapaja, mkono wake mmoja unaubana kwapani mwako, miguu yake unaibana kwa magoti. Kiganja cha kushoto unakikunja chini ya mdomo wake kama mfereji, na kwa mkono wa kulia unamimina. Akifunga mdomo, unaziba pua kwa mkono huohuo wa kulia. Atafungua tu, maana pumzi haina subira. Akifungua, unamimina. Ayoka alimmaliza mtoto mmoja kwa dakika nne. Alhaja, kwa mbili.

"Kubembeleza ni kwa matajiri," Alhaja alipenda kusema, huku akipangusa viganja. "Sisi tunajaza."

Mwezi uliopita Ayoka alimpeleka Akanni zahanati siku ya kupima uzito, kwa sababu mama yake, Simbiat, hakupewa ruhusa kwenye ghala. Nesi alisikiliza kifua cha mtoto, akasikiliza tena, akakivua masikioni kile kipimo chake.

"Nani anamlisha huyu akiwa amelala chali?"

Ayoka alitazama sakafu.

"Sikiliza, dada. Uji unaingia mapafuni. Kikohozi hiki si cha baridi. Akiendelea kulishwa hivi, siku moja utamleta hapa kwenye kanga, na mimi nitakuwa naandika cheti cha kifo." Nesi alichukua mkono wa Ayoka akanyoosha kidole chake cha shahada. "Mkalishe wima. Mpe kipande kirefu kama hiki, laini, ukikiminya kwa vidole viwili kinapondeka. Kiazi kitamu, papai, kunde. Usitie chumvi, usitie pilipili. Kaa mbele yake umtazame, ila mwache ashike mwenyewe. Mtoto anayeshika chakula chake anajua la kufanya nacho. Mwambie mama yake."

Ayoka alirudi na maneno yale mdomoni njia nzima. Jioni Simbiat alikuja na vumbi la kakao kwenye nyusi, akaitikisa chupa, akamgonga mtoto tumboni, akauliza, "Nesi kasemaje?" Na Ayoka akasema, "Uzito mzuri."

Usiku ule hakulala. Alikuwa na mtoto yeye pia, zamani kidogo. Ireti. Alikufa miaka miwili iliyopita, akiwa na miezi saba. Watu walisema ni homa.

Akaanza kupika kwa siri. Alhamisi moja, kama siku nyingine, alifika sokoni kabla jua halijachomoza.

"Kopo la kunde bei gani, mama?"

"Mia tano."

"Jana si lilikuwa mia tatu na hamsini?"

"Jana imeshazikwa, binti. Unanunua, au umekuja kunipa pole?"

Alinunua nusu kopo na kiazi kitamu kimoja. Wakati anafunga fundo la kitambaa, wakusanya ushuru walipita. Mmoja wao aliona mzee muuza majani ya kufungia hana tikiti ya siku, akaupiga teke mzigo wake, majani yakamwagika matopeni, naye mkusanya ushuru akatembea juu ya majani hayo taratibu, mguu huu na mguu huu, kama anayekanyaga udongo wa kujengea. Ayoka aliinama, akaokota majani manne yaliyosalimika, akamlipa mzee yule kama vile hakuna kilichotokea.

Kunde zilizolowekwa tangu jana alizifikicha hadi maganda yakatoka yote, akasaga, akatia tone la mafuta ya mawese na unga kidogo wa kamba wakavu, akafunga kwenye majani, akaivisha kwa mvuke. Zikipoa zinashikana, zinakatika vipande. Kiazi alikimenya, akakikata virefu, akakiweka juu ya mvuke uleule. Aliminya kipande kimoja kati ya gumba na shahada. Kikapondeka bila kubisha. Akavipanga vyote kwenye kikopo kidogo cha bati, akakifunga kwenye pindo la nguo yake, kiunoni.

Wiki tatu sasa alikuwa anafanya hivi wakati Alhaja anaswali adhuhuri. Anamketisha Akanni kwenye kiwanja cha nyuma, chini ya kamba ya nguo, mgongo umeegemea beseni, anampa kipande. Siku ya kwanza mtoto alikishika, kikapenya katikati ya vidole, akakitazama kama mtu aliyeletewa barua. Akakipeleka jichoni. Akakipeleka puani. Halafu kikafika mdomoni, na uso wake wote ukabadilika. Ngumi ilikuwa imefunguka. Na uji wa kwenye chupa, Ayoka aliunywa mwenyewe, wote, ili chupa irudi tupu. Kikohozi cha Akanni kilikuwa kimeanza kupungua.

Alhamisi ile swala haikufika. Simu ya Alhaja iliita saa tano.

"Fatoki!" alipiga kelele. "Fatoki yuko kwa jirani, anakuja!"

Bwana Fatoki alikuwa mkaguzi. Kibali kilichotundikwa ukutani kiliruhusu watoto sita. Ndani mlikuwa na kumi na wanne.

"Wanane tunawapeleka stoo ya kinu," Alhaja alisema, tayari anavuta kigoda. "Lakini kwanza walishe. Mtoto aliyeshiba halii. Haraka! Wewe huyu, mimi yule."

Walilisha kama watu wanaozima moto. Mtoto analazwa, anabanwa, anazibwa pua, anamiminiwa, anainuliwa, mwingine. Uji ulitapakaa sakafuni, na waliomaliza walipelekwa stoo hadi wakatimia wanane. Mapacha wa muuza vitunguu walipiga mayowe hadi sauti zikakauka. Mtoto mmoja alitapika, Alhaja akakusanya matapishi kwa kiganja akayarudisha. Ayoka alilisha watatu, akilegeza magoti kila Alhaja alipogeuka. Wa nne alikuwa Akanni. Akamchukua, akatoka naye nyuma, akamketisha penye beseni, akampa kipande cha kiazi mkononi, naye akanywa nusu ya uji wa chupa.

"Kula, baba," alimnong'oneza. "Kula usilie, leo kuna wageni."

Mtoto aliuma mara moja. Alikuwa na meno mawili tu. Kivuli cha Alhaja kikawaangukia.

"Hee! Ndiyo nini hiki?" Akakiona kikopo. "Kiazi? Unamtupia mtoto wa watu chakula kama kuku? Na uji wake uko wapi?" Akanusa mdomo wa Ayoka, kwa karibu, pua na pua. "Unakunywa wewe! Mwizi wa uji! Wiki ngapi unakunywa?"

Kofi la kwanza lilimwangusha Ayoka juu ya beseni. La pili lilimkuta chini. Alhaja akamnyakua Akanni, akakaa pale pale kwenye jiwe la kufulia, akamlaza chali, akambana. Chupa, na nusu ya uji iliyobaki, ilikuwa mkononi mwake.

"Alhaja," Ayoka alisema. "Mkalishe. Tafadhali mkalishe."

Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

Akanni alifunga mdomo. Alhaja akaziba pua. Mtoto alijipinda kama samaki, akafungua, uji ukaingia. Alikohoa, uji ukaingia. Akakohoa tena kikohozi kifupi, kisha akanyamaza. Miguu yake iliacha kupiga.

"Umeona?" Alhaja alisema, akiendelea kumimina. "Ameanza kumeza. Anataka mkono wa mtu mzima."

Ayoka aliujua ukimya ule. Aliujua kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Hakukumbuka aliinukaje. Alichokumbuka baadaye ni ladha ya chumvi na ya chuma: alikuwa ameuma mkono wa Alhaja juu ya kifundo, meno yamezama, hafungui. Alhaja alipiga ukelele, akaachia. Ayoka akamvuta mtoto, akamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega. Mara moja. Mara mbili. Midomo ya Akanni ilikuwa na rangi ya kunde. Mara tatu. Alhaja alimshika nywele akamvuta nyuma, na wote watatu wakasukumana, mtoto katikati. Mara nne, na uji ukatoka, kwa mdomo na kwa pua, mkupuo mzito mweupe uliotua wote kwenye nguo ya Alhaja, ile adire ya rangi ya nili aliyoivaa kwa ajili ya mkaguzi.

Akanni akavuta pumzi. Akalia.

Ayoka alikaa chini, akamkumbatia. Alhaja aliokota mwiko wa kusongea, ule mrefu wa mti, akaanza kumpiga mgongoni. Aliupiga mgongo ule kama mtu anayekung'uta godoro. Ayoka hakuinua mikono kujikinga, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Aliinama tu zaidi juu ya mtoto, na kila pigo lilipotua Akanni alistuka kidogo ndani ya kumbatio lile.

"Hodi humu," sauti ilisema. "Naona leo mnatwanga."

Bwana Fatoki alisimama mlangoni, faili kwapani, kofia mkononi.

Mwiko ulishuka. "Afadhali umekuja, mheshimiwa," Alhaja alisema, akihema. "Huyu msichana kampa mtoto kiazi kwa siri. Kimempalia! Kama si mimi, tungekuwa tunachimba kaburi."

Fatoki alimtazama Ayoka aliyechanika mgongo wa blauzi. Akalitazama doa jeupe kwenye nguo ya Alhaja, kuanzia pajani hadi gotini. Macho yake yalikaa pale kidogo, kisha yakaondoka. Alipewa kiti na soda baridi. Akahesabu watoto sita. Kutoka stoo ya kinu ulikuja mlio mwembamba.

"Nini hicho, Alhaja?"

"Ni kinu, mheshimiwa. Kimezeeka."

"Kinu chako kina meno ya maziwa," Fatoki alisema, akacheka hadi soda ikamtoka puani. Alhaja alicheka pia, akaweka mezani gazeti lililokunjwa mara nne, limevimba katikati. Fatoki aliliweka ndani ya faili bila kulisoma. Kisha akafungua kalamu.

Aliandika ukurasa mzima, bila haraka. "Mwite aweke dole gumba," alisema. "Hajui kusoma huyu, mletee wino."

Ayoka alikuja, Akanni mgongoni, amemfunga kwa kanga. Aliinamia karatasi. Alisoma kama walivyosoma darasa la nne, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Aliona jina lake. Aliona *kiazi*. Aliona *kwa uzembe wake*. Hakuona *uji* popote.

"Dole, dada."

"Siweki."

"Unasemaje?"

Fatoki alisimama, akaushika mkono wake, akauvuta hadi kwenye kidau cha wino. Ayoka alikunja ngumi. Fatoki alijaribu kukifungua kidole gumba, akakipinda. Kitu kilitoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Maumivu yalimpanda hadi begani, machozi yakamtoka, lakini vidole vilibana, na kucha zikazama kiganjani.

"Mkaidi kama punda," Fatoki alisema. Akaligonga gumba lenyewe kwa ukingo wa faili, mara moja, mara ya pili. Ngumi haikufunguka.

Wakati huo Simbiat aliingia mbio. Mtu alikuwa amempelekea habari ghalani. Nyuma yake walikuja muuza vitunguu na wanawake wengine watatu waliosikia kelele, mabeseni bado vichwani.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mzima, mzima, mshukuru Mungu," Alhaja alisema, sauti imekuwa laini kama mafuta. "Lakini muulize huyu yaya. Wiki tatu anakunywa uji wa Akanni. Uji wako, unaoamka alfajiri kuupika! Mtoto anampa viazi. Leo kimemkwama."

Simbiat alimgeukia Ayoka. "Ni kweli? Unakunywa?"

"Ninakunywa," Ayoka alisema.

Kofi lake halikuwa kama la Alhaja. Lilikuwa la mtu aliyechoka, na lilikuja na kilio ndani yake. "Mchawi! Nakuamini, nakuachia damu yangu, unamla! Nipe mwanangu!" Alimfungua mtoto mgongoni kwa Ayoka kwa nguvu, akambana kifuani. Kisha, kwa mazoea tu, akamgonga tumboni kwa kifundo cha kidole.

"Fungua mkono wake," Ayoka alisema.

"Nini?"

"Mkono wa kulia. Fungua."

Simbiat alishangaa, labda kwa sababu hakuwahi kumsikia Ayoka akiamuru. Alivifungua vidole vya Akanni kimoja kimoja. Ndani kulikuwa na kipande cha kiazi. Kilikuwa kimepondeka, kimeshika alama za vidole vinne, lakini kizima, isipokuwa ncha moja yenye alama za meno mawili.

Muuza vitunguu alisogea karibu, akatazama. Kisha akageuka akaitazama nguo ya Alhaja. Uji ulikuwa umeanza kukauka juu ya nili, mweupe kama chokaa.

"Alhaja," alisema polepole, "kiazi kiko hapa. Hicho ulichomwagikiwa ni nini?"

Fatoki alifunga faili. "Mambo ya akina mama haya," alisema, akivaa kofia. "Mimi nilikuja kuhesabu watoto. Ni sita. Ripoti nitaimalizia ofisini." Akapita katikati yao, nao wakampisha, kwa sababu watu huwapisha watu wenye faili.

Alhaja hakuwa mtu wa kushikwa. Aliweka mikono kiunoni, damu ya alama za meno ya Ayoka bado inamchuruzika kifundoni.

"Eeh, ni uji! Nimemlisha, ndiyo kazi mliyonipa! Nani kati yenu hutikisa chupa hapa kila jioni? Si wewe, Mama Akanni? Ikibaki matone matatu, nani hunitukana? Mnataka niwakalishe kumi na wanne, mmoja mmoja, niwasubiri watafune? Kwa hela yenu ipi?" Aliwanyooshea kidole mmoja mmoja. "Na nani kati yenu hakulishwa hivi? Wewe? Wewe? Mama zetu walitulisha kwa mkono, tukakua, tukazaa. Haya, nitajieni mmoja. Mmoja tu! Nani alikufa?"

Simbiat alimtazama mtoto wake. Kwenye stoo ya kinu watoto wanane walikuwa bado wanalia, na hakuna aliyekwenda kuwatoa. Ayoka aliona muuza vitunguu anainamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sindano, na akajua kwamba muda si mrefu watatawanyika, na kesho saa kumi na mbili watapanga foleni, kwa sababu ghala halisubiri na soko halisubiri. Akanni naye atalazwa chali.

"Ireti," alisema.

"Nani?"

"Mwanangu. Ireti." Gumba lake lilikuwa limevimba na kuwa jeusi, alilishika kwa mkono wa pili. "Niliwaambia watu ni homa. Mama mkwe akasema ni wale watoto wanaokufa na kuzaliwa tena, wakamkata kidole kidogo kabla ya kumzika, ili akirudi tumjue. Nikawaacha wamkate. Hakuwa na homa. Hakuwa na chochote. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nachelewa kuja hapa kuwalisha wa kwenu. Alikohoa kidogo, akanyamaza. Nikafurahi, nikasema anameza, nikamimina mpaka bakuli likaisha. Pua niliishika mimi."

Akainua mkono wa kulia, ule uliovimba, akaufungua mbele yao.

"Kwa huu."